Mwendo mmoja waleta sherehe, mwingine waleta msiba

Mtunzi huandika noti, lakini ni nani huamua kasi? Simfoni iliyotungwa mwaka wa 1937, enzi za utawala wa Stalin, ingali inawagawanya wanamuziki hadi leo

Na MWANDISHI WETU

UKITAKA kumjua mwalimu wa kwaya aliye hodari, usitazame mikono yake. Sikiliza anavyouanza wimbo. Akiuanza mbio mno, waimbaji wataishiwa na pumzi kabla ya ubeti wa pili. Akiuanza pole pole mno, sauti zitaanza kushuka na wasikilizaji wataanza kutazama saa. Kila mwanafunzi aliyewahi kupanda jukwaani katika mashindano ya muziki ya shule analijua jambo hili, kwani majaji hawakosi neno la kusema kuhusu mwendo.

Lakini je, msomaji, wajua kwamba kuna muziki ambao mwendo wake hauamui tu kama wimbo utapendeza au utachusha, bali huamua hata maana yake? Kwamba noti zile zile, zikipigwa kwa ala zile zile, zaweza kuwa shangwe za mshindi zikienda mbio, na zikawa kilio cha aliyeonewa zikienda pole pole?

Muziki huo upo. Ni mwisho wa Simfoni ya Tano ya Dmitri Shostakovich, mtunzi wa Kirusi aliyezaliwa mwaka wa 1906 na kufariki mwaka wa 1975. Tangu ulipopigwa kwa mara ya kwanza, viongozi wa okestra hawajawahi kukubaliana kuhusu kasi yake. Na wala huu si ubishi wa watu wasiokuwa na kazi ya kufanya. Nyuma yake kuna habari ya mtu aliyekuwa akiandika noti huku akihofia maisha yake.

Kwa wale wasioufahamu sana muziki wa aina hii, simfoni ni utungo mrefu wa ala ambao kwa kawaida hauna maneno, na aghalabu hugawanywa katika sehemu nne. Hupigwa na okestra, kundi ambalo laweza kuwa na wanamuziki 80 hata 100: wapiga fidla na selo, wapuliza filimbi na tarumbeta, na wapiga ngoma. Mbele yao husimama kiongozi ambaye hapigi ala yoyote. Wazungu humwita kondakta. Si yule wa matatu, ingawa wanafanana kwa jambo moja: yeye ndiye asemaye gari liondoke lini na lisimame wapi. Tena huyu wa okestra ana mamlaka zaidi, kwa sababu hata kasi ya gari iko mikononi mwake.

Gazeti lililotisha

Mwaka wa 1934, Shostakovich alikuwa kijana wa miaka 27 na jina lake lilikuwa limevuma. Opera yake kuhusu mwanamke muuaji wa wilaya ya Mtsensk, aliyeitwa Lady Macbeth, ilianza kuonyeshwa mjini Leningrad mwaka huo na watu wakaifurahia mno. Kwa miaka miwili ilijaza kumbi.

Kisha, mnamo Januari 26, 1936, Josef Stalin mwenyewe akaenda kuitazama mjini Moscow. Aliondoka kabla haijaisha. Siku mbili baadaye, gazeti la chama tawala, Pravda, lilichapisha makala yasiyo na jina la mwandishi, yakiishutumu opera hiyo kuwa ni kelele na fujo badala ya muziki. Makala hayo yalimwonya mtunzi kwamba mchezo kama huo ungeweza kuishia pabaya.

Katika nchi nyingine, msanii akishutumiwa gazetini hununa siku mbili tatu na kisha huendelea na kazi. Katika Muungano wa Kisovieti wa mwaka wa 1936 mambo hayakuwa hivyo. Ule ulikuwa mwanzo wa kipindi cha watu kukamatwa usiku, wengine wasirudi. Shemeji yake Shostakovich, mume wa dada yake, alikamatwa. Dada yenyewe akahamishwa mbali. Mama mkwe wake akapelekwa kambini. Na mnamo Juni 1937, Jemadari Mikhail Tukhachevsky, mkuu wa jeshi aliyekuwa rafiki na mlezi wa mtunzi huyo, alipigwa risasi kwa madai ya uhaini.

Shostakovich alikuwa ametunga Simfoni ya Nne, na okestra ilikuwa imekwisha kuanza mazoezi. Aliiondoa Desemba 1936, na simfoni hiyo haikusikika hadi mwaka wa 1961, miaka 25 baadaye. Badala yake, kati ya Aprili na Julai 1937, alitunga nyingine. Hiyo ndiyo ya Tano.

Ilipigwa kwa mara ya kwanza mjini Leningrad, ambao leo unaitwa tena St. Petersburg, mnamo Novemba 21, 1937. Kiongozi alikuwa Yevgeny Mravinsky, kijana wa miaka 34 ambaye wakati huo hakuwa na sifa kubwa. Inasimuliwa kwamba katika sehemu ya tatu, ile ya huzuni ambapo tarumbeta zote hunyamaza na fidla hulia peke yake pamoja na filimbi na kinubi, watu walitokwa na machozi hadharani. Na simfoni ilipokwisha, makofi yalidumu kwa zaidi ya nusu saa.

Wakuu wa serikali nao waliridhika. Waliona kwamba mtoto mtukutu amejirudi: ameanza kwa huzuni na amemaliza kwa shangwe, jinsi chama kilivyotaka. Shostakovich akapona.

Sasa swali ni hili: je, mwisho ule ni shangwe kweli?

Noti moja, mara zaidi ya mia mbili

Sehemu ya nne huanza kwa kishindo. Ngoma kubwa zinatwangwa, na tarumbeta na trombo zinapuliza wimbo wa kijeshi, wa nguvu na wa hasira. Juu ya ukurasa mtunzi aliandika maneno ya Kiitaliano, ambayo ndiyo lugha ya wanamuziki, yenye maana ya "kwa haraka, lakini si mno". Kutoka hapo mwendo unazidi kupanda ngazi moja baada ya nyingine, kama mtu anayeteremka mlimani na kushindwa kujizuia. Kisha moto unazimika. Katikati kuna kipindi kirefu cha utulivu. Halafu, pole pole, ngoma zinaanza tena, tarumbeta zinarudi na wimbo ule ule, lakini sasa umegeuzwa kutoka ufunguo wa huzuni hadi ule wa furaha.

Hapo ndipo penye ubishi. Wakati tarumbeta zinapopuliza wimbo wa ushindi, fidla na filimbi hazina wimbo wowote. Kazi yake ni kurudia noti moja tu, ile ya A, tena na tena, mara zaidi ya mia mbili, mpaka mwisho. Noti moja ambayo haibadiliki, haipandi, wala haishuki.

Ichukue noti hiyo uipige mbio. Itakuwa kama vigelegele, kama mvua ya makofi, kama umeme unaometameta juu ya tarumbeta. Sasa ichukue noti hiyo hiyo uipige kwa nusu ya kasi. Itakuwa nyundo. Itakuwa mtu anayegongwa kichwani na kuambiwa acheke, na kila akinyamaza anagongwa tena.

Tarakimu mbili, vitabu viwili

Mtu angedhani jambo hili ni rahisi kulitatua. Si mtunzi aliandika kasi anayoitaka? Tangu mwaka wa 1815 kumekuwepo na chombo kiitwacho metronomu, kilichopewa hataza na Johann Maelzel, ambacho hugonga tak-tak-tak kwa kasi yoyote utakayokiwekea. Beethoven alikipenda sana, hata mwaka wa 1817 akachapisha tarakimu za kasi za simfoni zake nane alizokuwa ametunga hadi hapo. Ajabu ni kwamba hata hizo hazikumaliza maneno. Hadi leo kuna viongozi wasemao kwamba tarakimu za Beethoven ni za mbio mno, na wengine wasemao kwamba anayezikwepa ni mvivu.

Kwa Shostakovich mambo yalikuwa magumu zaidi. Tarakimu zake zipo, lakini ziko mbili, na hazipatani. Katika chapa moja ya noti hizo, pale mwisho pameandikwa kwamba yapigwe mapigo 188 kwa dakika, kila pigo likiwa noti nzima ya pigo. Katika chapa nyingine pameandikwa 184, lakini hapo kinachohesabiwa ni noti ya nusu pigo. Maana yake ni kwamba mapigo yenyewe ni 92 tu kwa dakika.

Fanya hesabu, msomaji. Muziki wa mapigo 188 utaisha kwa dakika moja ukifuata kitabu cha kwanza. Ukifuata cha pili, utataka dakika mbili na sekunde kadhaa. Hii si tofauti ya nywele. Ni tofauti ya mtu anayekimbia na mtu anayetembea nyuma ya jeneza.

Wengi wanaona kwamba 188 ni kosa la mpiga chapa, kwamba mkia mdogo wa noti ulisahauliwa. Huenda ni kweli. Lakini hebu tuone waliousimamia muziki huo walifanya nini.

Watatu, njia tatu

Wa kwanza ni Mravinsky, aliyeipiga kabla ya mtu mwingine yeyote. Alisimulia baadaye kwamba alipokuwa akijitayarisha alimuuliza Shostakovich maswali mengi kuhusu kasi, lakini mtunzi huyo hakuwa mtu wa maneno, na hakupata kitu. Basi akatumia ujanja. Walipokaa pamoja kwenye piano, Mravinsky alikuwa akianza makusudi kwa mwendo usiofaa. Shostakovich akikasirika, humsimamisha na kumwonyesha mwendo anaoutaka. Ndivyo kiongozi yule alivyozipata kasi zake, mpaka mtunzi alipogundua hila hiyo na kuanza kusema mwenyewe.

Mravinsky aliiongoza okestra ile ya Leningrad kwa miaka 50, hadi alipofariki mwaka wa 1988, na aliipiga Simfoni ya Tano mara nyingi. Katika santuri zake, mwisho haukimbizwi. Unasonga mbele kwa uzito, kama gwaride. Wala usidhani hakuweza kukimbia. Santuri yake ya mwaka wa 1960 ya Simfoni ya Nne ya Tchaikovsky, ambayo mwisho wake mtunzi aliutaka upigwe kwa moto, ina kasi ya kumfanya msikilizaji ashike kiti. Mtu wa namna hiyo akipunguza mwendo, hapunguzi kwa kushindwa.

Wa pili ni Leonard Bernstein, Mmarekani. Mwaka wa 1959 aliipeleka okestra ya New York katika Muungano wa Kisovieti, wakati nchi hizo mbili zilikuwa zikitishana kwa makombora. Mjini Moscow aliipiga Simfoni ya Tano huku Shostakovich mwenyewe akiwa ameketi ukumbini. Bernstein aliuchukua mwisho ule kwa mbio za ajabu, karibu mara mbili ya mwendo uliozoeleka. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe, na mtunzi akapanda jukwaani kumshika mkono. Waliporudi Marekani, mwaka huo huo, okestra hiyo ilirekodi simfoni hiyo kwa mtindo ule ule.

Je, Shostakovich alichukizwa? La. Alimsifu Bernstein, na hata akasema kwamba alipendezwa na jinsi mwisho ulivyopigwa kwa kasi zaidi ya ilivyokuwa desturi. Wapenda mbio hawajaacha kuutaja ushahidi huo.

Wa tatu ni Mstislav Rostropovich. Huyu alikuwa mpiga selo mashuhuri, mwanafunzi na rafiki wa Shostakovich, aliyetungiwa naye tamasha mbili za selo. Alitoka Muungano wa Kisovieti mwaka wa 1974, akavuliwa uraia mwaka wa 1978, na akawa kiongozi wa okestra ya taifa mjini Washington. Alipoirekodi Simfoni ya Tano na okestra hiyo miaka ya 1980, mwisho ulikwenda pole pole na kwa uzito mkubwa. Kila noti ya A ni kama msumari unaopigiliwa. Mtu aliyeijua ile nyumba kutoka ndani hakuona ndani yake sherehe yoyote.

Kilio kilichofichwa

Mwaka wa 1979 kilichapishwa New York kitabu kiitwacho Testimony, kilichoandikwa na Solomon Volkov, aliyedai kwamba ni kumbukumbu alizosimuliwa na Shostakovich mwenyewe. Humo mtunzi anasema kwamba furaha ya mwisho ule ni ya kulazimishwa kwa fimbo. Viongozi wengi walikisoma wakapunguza kasi. Lakini wataalamu wakaanza kukichunguza, na hadi leo wanabishana kama maneno hayo ni ya Shostakovich kweli. Kwa hivyo si vyema kukitegemea kitabu hicho pekee.

Hata hivyo, hapana haja ya kukitegemea. Mwandishi Alexander Fadeyev, aliyekuja kuwa mkuu wa chama cha waandishi wa Kisovieti na ambaye hakuwa mpinzani wa serikali hata kidogo, aliusikia muziki huo zama zile zile. Aliandika katika shajara yake kwamba mwisho ule haukumsikikia kama ushindi, bali kama adhabu, au kisasi juu ya mtu fulani. Aliyasema hayo miaka 40 kabla ya kitabu cha Volkov.

Tena kuna jambo lililofichwa katika ule utulivu wa katikati. Kabla ya simfoni hii, Shostakovich alikuwa ametia muziki katika shairi la Pushkin kuhusu mchoro wa msanii hodari, ambao mshenzi mmoja aliuchafua kwa rangi zake. Miaka ikapita, rangi zile zikabambuka, na mchoro wa asili ukaonekana tena na uzuri wake wote. Sauti za wimbo huo zinasikika mle ndani, muda mfupi kabla ya ngoma kuanza. Hakuna maneno, ila anayeujua wimbo anaelewa. Mwaka wa 1937 huo ulikuwa ujasiri mkubwa.

Basi nani anasema kweli?

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Lakini wao hao hao walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Katika jambo hili methali zote mbili zina haki.

Anayepiga mbio ana hatari yake. Kwa mapigo 188, fidla zinapiga zaidi ya noti sita kwa kila sekunde, na katika ukumbi wenye mwangwi noti hizo huchanganyika zikawa uvumi tu. Ile nyundo haisikiki tena. Anayepiga pole pole naye ana yake. Wapuliza tarumbeta ni binadamu wenye mapafu, na sauti ile ya juu ikivutwa mno hutetemeka na kupasuka. Badala ya uchungu, msikilizaji anapata uchovu.

Kwa maoni yetu, tarakimu pekee haiwezi kutoa uamuzi. Kinachoamua ni mwanzo. Kiongozi anayeianza sehemu ya nne kwa pupa, akasahau yale maneno ya "si mno", hujimalizia nafasi ya kuongeza. Akifika mwisho, ama hana budi kuzidi kukimbia, ama atafunga breki ghafla. Lakini aliyeanza kwa kujizuia anaweza kufika mwisho kwa uzito bila kuonekana kama aliyechoka. Ndiyo sababu njia ya Mravinsky inatushawishi kuliko nyingine. Huwezi kusema kwa hakika kama anasherehekea au anaomboleza, na huko kutojua kunatisha kuliko kilio.

Tena huenda kutojua huko ndiko kulikomwokoa mtunzi. Usiku ule wa Novemba 1937, wakubwa walisikia gwaride, wakapiga makofi. Waliokuwa wamepoteza waume, kaka na baba zao walisikia jambo jingine, nao wakapiga makofi. Kila mmoja alisikia la kwake, na hakuna aliyeweza kumshtaki mwenzake kwa alilolisikia. Angeandika maneno, angekamatwa. Aliandika noti ya A na kuirudia. Miaka 22 baadaye, alipomshika Bernstein mkono, hakuwa na sababu ya kumfungia mtu yeyote mlango mmoja kati ya ile miwili.

Jaribuni nyumbani

Familia yaweza kulipima jambo hili bila gharama kubwa. Santuri za Mravinsky, Bernstein na Rostropovich zinapatikana kwa urahisi siku hizi, hata kwenye simu. Sikilizeni kwanza sehemu ya tatu, kwa sababu mwisho hauna maana bila huzuni inayoutangulia. Kisha sikilizeni sehemu ya nne kwa viongozi wawili tofauti.

Pale tarumbeta zinapoanza wimbo wa ushindi, mtoto mmoja ashike saa na mwingine ahesabu mapigo kwa sekunde 15. Zidisheni hesabu hiyo kwa nne. Mkipata karibu 47 kabla ya kuzidisha, huo ni mwendo wa 188. Mkipata karibu 23, huo ni wa 92. Wengi wataangukia mahali fulani katikati.

Halafu wekeni saa kando mwulizane swali moja tu: je, watu hawa wanafurahi, au wameamriwa kufurahi? Msishangae baba akisema hivi na binti akasema vile.